Wanawake Waliofichwa katika Kiishio cha "-ster"

Msomaji wa Kiingereza akutanapo na maneno "spinster", "Webster" na "gangster" hadhani kuwa yana nasaba moja. La kwanza ni mwanamke asiyeolewa, la pili ni jina la ukoo, la tatu ni jambazi. Walakini yote matatu yana kiishio kimoja, ambacho hapo kale kilikuwa hasa alama ya mwanamke mwenye kazi yake. Yafaa kuwatenga wageni wafananao nacho: "master" na "minister" yatokana na Kilatini, na "sister" lina asili nyingine.

Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mwoka mikate mwanamume aliitwa "bæcere", na mwanamke "bæcestre". Vivyo hivyo mfumaji mwanamume alikuwa "webba", na mwanamke "webbestre". Humo ndimo yalimotoka majina ya koo: Baxter, mwoka mikate, Webster, mfumaji, Brewster, mpika pombe. Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa huko Marekani mwaka 1828, alibeba jina ambalo asili yake ni mwanamke aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi.

Kanuni hii haikudumu. Tangu zamani "bæcestre" aliweza pengine kuwa mwanamume, na katika Zama za Kati, hasa kaskazini, kiishio kilitumika kwa wote. Kazi nazo zilihama. Pombe ya kuuza, iliyokuwa ikipikwa sana na wanawake majumbani, iliwatoka mikononi kati ya miaka ya 1350 na 1600. Bia yenye hopu, iliyokaa siku nyingi bila kuchacha, ilipikwa kwa wingi na kuhitaji mtaji, na mtaji ulikuwa kwa wanaume.

Hata maana ya kike ilipofifia, watu walitia juu yake kiishio kingine kilichotoka Kifaransa, wakapata "seamstress", mshonaji: neno lenye alama mbili za kike, kwa kuwa ya kwanza haikusikika tena. "Youngster", kijana, na "gangster" hayana uke wowote.

Lililopatwa na mabaya zaidi ni "spinster". Katika karne ya 14 lilikuwa msokota nyuzi tu. Kufikia karne ya 17 lilikuwa cheo cha kisheria cha mwanamke asiyeolewa. Baadaye likawa tusi kwa aliyepitwa na umri wa kuolewa. Katika Uingereza na Wales liliandikwa kwenye daftari za ndoa hata mwaka 2005. Mwanamke aliyejulikana kwa kazi ya mikono yake akawa ajulikana kwa mume asiyekuwa naye.

Kiswahili hakina kiishio cha namna hii. "Mfumaji" na "mfinyanzi" hayasemi kama mtu huyo ni mume au mke. Desturi ndiyo isemayo. Mahali pengi Afrika Mashariki ufinyanzi ni kazi ya wanawake, wala umbo la neno halishuhudii hivyo. Basi mtunga kamusi asitosheke kuandika "mfinyanzi: mtu afinyangaye vyungu." Na aandike pia ni nani aliyefinyanga, na wapi. Waingereza waliachiwa angalau herufi chache za kuwakumbusha. Sisi hatutaachiwa hata hizo.