Gesi Haijaisha: Historia ya Kiyoyozi cha Gari Kuukuu, Kutoka Mwanjelwa

Sentensi inayosemwa zaidi kwenye gereji za Mwanjelwa kuhusu kiyoyozi cha gari ina maneno mawili tu: gesi imeisha. Mteja akisema gari haileti ubaridi, gesi imeisha. Akisema inatoa moto muda wote, gesi imeisha. Akisema feni inakaa kimya robo saa nzima asubuhi halafu inaamka yenyewe, bado kuna mtu atasogea na mtungi. Mimi nasema hivi: kwa gari kuukuu la kifahari, yaani Mercedes ya miaka ya 1980, Crown ya miaka ya 1990 au shangingi lililostaafishwa na ofisi fulani, ugonjwa wa kiyoyozi mara nyingi ni suala la historia kabla haujawa suala la gesi. Fundi anayeuliza "hii gari imetokea wapi?" kabla ya kufungua boneti ameshafanya nusu ya kazi.

Najua kuna atakayecheka. Mbeya na kiyoyozi wapi na wapi? Jiji lipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanafungua vibanda wakiwa na makoti na kofia za sufu. Lakini kiyoyozi hakipoozi hewa tu, kinaikausha pia. Unyevu wa ndani ya gari unanasa kwenye evapoleta, unageuka maji, unadondoka chini; ndiyo yale matone unayoyaona gari likisimama. Hewa iliyokaushwa, ikipashwa moto kidogo na hita, ndiyo inayosafisha kioo cha mbele kwa haraka kuliko kitambaa chochote. Watu watano ndani ya gari, mvua ya Machi, ukungu, usiku, unateremka Mlima Nyoka na mbele yako kuna lori la mafuta: hapo kiyoyozi si anasa tena. Dereva anayefuta kioo kwa kiganja huku mkono mmoja uko kwenye usukani anajua ninachosema.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kampuni ya Marekani ya Packard ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kuuza magari yenye kiyoyozi kutoka kiwandani, mwishoni mwa mwaka 1939. Mtambo ulikuwa mkubwa, sehemu yake ya kupozea ilikaa nyuma ya kiti cha abiria, na haukuwa na namna ya kuzimwa ukiwa safarini. Ukitaka kuuzima, unasimamisha gari, unafungua boneti, unatoa mkanda. Akili yote ilikuwa ya dereva. Mwaka 1964 Cadillac wakaleta kitu kingine kabisa: dereva anachagua kiwango cha joto anachotaka, na gari lenyewe linaamua lini lipoze, lini lipashe na feni izunguke kwa kasi gani. Tangu siku hiyo gari la kifahari likaanza kutoa uamuzi. Na kitu kinachotoa uamuzi kinaweza kuamua vibaya hata kama kila kiungo chake ni kizima, kwa sababu tu kimepewa taarifa ya uongo. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipobadilika.

Wajerumani nao wakaifuata njia hiyo. Mercedes kadhaa za kati ya mwaka 1976 na 1981 zilifungwa mtambo wa kujiongoza ulioazimwa kwa Chrysler wa Marekani: kiboksi kimoja kinachopitisha maji ya moto ya injini, umeme na upepo wa kunyonya, vyote kwa pamoja. Kwa miaka michache kilifanya kazi vizuri. Kisha plastiki ikaanza kupasuka kwa joto, maji yakavuja, na gari la mheshimiwa likawa linampulizia moto miguuni mchana kweupe.

Nimesema mheshimiwa kwa makusudi. Afrika Mashariki tulikuwa tumeshampa jina: mbenzi, na wenzake wabenzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawabana viongozi wa Tanzania kuhusu mali, na baadaye uhaba wa fedha za kigeni ukafanya gari jipya kuwa ndoto hata kwa mwenye hela. Magari yaliyokuwepo yakazeeka mikononi mwetu, na mafundi wakajifunza kuungaunga: kipuri hakipo, basi kata, ziba, pitisha waya pembeni. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na mlango ukazidi kufunguka. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia kama wetu, na magari yao yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam kwa wingi. Crown, ambayo kule Tokyo ilikuwa gari la wakurugenzi, ikawa gari la mwalimu mkuu mstaafu wa Mbalizi. Ikaja na kompyuta yake, sensa zake na vitufe vyenye maandishi ya Kijapani, bila kitabu kinachosomeka.

Mwanjelwa ilikuwa tayari kuipokea, kwa sababu barabara ilikuwa imeshaifundisha. Ian Smith alipotangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ilikatwa njia yake ya kusini. Mafuta yakawa yanapanda kutoka Dar es Salaam na shaba inateremka, kwa malori, mengi yakiwa Fiat, juu ya barabara ya vumbi na matope iliyopita hapa hapa. Litamke jina la mtaa wa jirani, Mafiati, usikie mwenyewe kilichomo ndani yake. Lami ikaja, reli ya TAZARA ikaja katikati ya miaka ya 1970, lakini gari linalokufa njiani kati ya Dar na Tunduma bado linahitaji fundi, na fundi yuko hapa. Gari linalofika Mwanjelwa ni la safari. Limetengenezewa mahali pengine, kwa hewa ya mahali pengine.

Chukua mfano wa ile feni inayokaa kimya asubuhi. Mwenye Crown amelinunua Dar, amelipandisha Mbeya mwezi Juni. Anawasha, anaweka nyuzi 25, hakuna kinachopuliza. Fundi wa haraka atafungua feni, atabadilisha rilei, mwisho atamuuzia feni nyingine. Fundi wa historia atauliza: Dar waliwahi kugusa mfumo wa maji? Jibu mara nyingi ni ndiyo: walitoa thamostati. Ni desturi ya mafundi wengi wa nchi za joto. Injini ikichemka, thamostati inatupwa ili maji yazunguke muda wote. Kwenye joto la Dar gari halilalamiki sana. Mbeya, maji yale yanachelewa mno kupata moto. Kompyuta ya kiyoyozi inasoma sensa ya maji, inaona bado ni ya baridi, na kwa kuwa umeomba joto inakataa kukupulizia ubaridi. Inasubiri. Feni ni nzima, kompyuta ni nzima, tena ina adabu. Kinachokosekana ni kidude cha bei ndogo kilichotupwa Dar. Wakati huo huo injini inakunywa mafuta kupita kiasi kwa sababu haijawahi kufikia joto lake.

Mfano wa pili ni geji. Gari likiwa limezimwa na limepoa, presha ya gesi ya R134a inafuata joto la hewa, haifuati kiasi cha gesi kilichomo, ilimradi ndani kumebaki gesi ya kimiminika. Kwenye nyuzi 30 za Dar geji itasoma karibu paundi 97. Kwenye nyuzi 15 za asubuhi ya Mwanjelwa, gari lile lile na gesi ile ile, itasoma karibu paundi 60. Fundi aliyejifunzia kazi pwani akiona 60 anasema ndiyo hiyo, imepungua. Anaongeza. Mteja anaondoka ameridhika, anapita Makambako na Iringa salama, anateremka Kitonga, anakutana na joto la Mikumi na Morogoro, presha inapanda, swichi ya ulinzi inakata kompresa. Anapiga simu kwa hasira: fundi wa Mbeya tapeli! Wala hakuwa tapeli. Aliisoma geji ya mlimani kwa macho ya pwani. Ndiyo maana gesi hupimwa kwa mizani, kwa gramu, na gramu zenyewe magari mengi yameandikiwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Hata kunyonya hewa kabla ya kujaza gesi kuna mtego wake. Dar, pampu nzuri inaweza kushusha geji hadi karibu sentimita 76 za zebaki. Mbeya hewa yenyewe ni nyepesi, na geji haiwezi kupita takriban 62, hata ukiiacha pampu mpaka kesho. Asiyejua hilo atatafuta tundu lisilokuwepo, na atakapolikosa atabadilisha evapoleta, kazi ya kubomoa dashibodi nzima.

Mfano wa tatu naupenda kuliko yote. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zinaweza kujieleza zenyewe. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha fungua swichi ya gari. Taa zitawaka na kuzimika mara kadhaa, halafu namba zinatokea. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evapoleta, 14 ya maji, 21 ya jua. Ndiyo, gari lina sensa ya jua juu ya dashibodi, ili lijue uko juani au kivulini. Sasa peleka gari hilo ndani ya banda la bati la gereji na upime. Litakuandikia 21. Si kwamba sensa imekufa, ila gizani haioni jua, kwa hiyo inatangaza kuwa jua limepotea. Ni sensa ngapi nzima zimetupwa kwa kosa la kupimiwa kivulini? Toa gari nje, au imulike sensa kwa taa kali, ndipo upime tena.

Kwa Mercedes za zamani kidogo mambo ni tofauti, maana nyingi hazina namba za kukupa. Inabidi uzisome kwa mkono. Zinatoa moto tu bila kukoma? Angalia kwanza vali ya maji ya hita. Katika aina kadhaa imeundwa kukaa wazi umeme unapokatika, hivyo ngozi yake ya mpira ikichanika au waya ukiachia, moto unapita tu. Hewa yote inapanda kioo cha mbele hata ukibonyeza kitufe gani? Sikiliza mlio wa kunyonya nyuma ya dashibodi, vipira vyake vimepasuka. Zote mbili hazina uhusiano na mtungi wa gesi.

Na gesi yenyewe ina historia. Magari ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na R12, gesi iliyogundulika kutoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulisainiwa mwaka 1987, Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na kufikia 2010 nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nayo. R134a ikachukua nafasi yake. Midomo ya kujazia inakwambia gari liko enzi ipi: ya R12 ni ya kufunga kwa nati, ya R134a ni ya kubana kwa haraka. Ukikuta Mercedes ya 1985 ina midomo mipya, ujue kuna mtu alishaibadilisha, na swali linalofuata ni kama alibadilisha na oili, kwa sababu oili ya R12 haichanganyiki vizuri na R134a na kompresa inakufa taratibu kwa kukosa ulainisho. Kisha mwezi Oktoba 2016, jirani zetu wa Kigali wakawa wenyeji wa makubaliano ya kupunguza pia jamii ya R134a, kwa kuwa kilo moja yake inapasha dunia moto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Kwa hiyo kila "ongeza kidogo" isiyo ya lazima inamgharimu mteja, na inayovuja inaigharimu mvua ya Mbeya yenyewe.

Watu huona aibu kumwandikia fundi kumbukumbu, kana kwamba ni kumpima. Anza wewe mwenye gari. Weka kidaftari kwenye droo ya dashibodi: thamostati ipo au ilitolewa, gesi aina gani, gramu ngapi, ilijazwa mji gani na mwezi gani, oili ipi. Gari kuukuu litapita mikono mingi baada yako, na fundi wa Mwanjelwa atakayelifungua miaka kumi ijayo atakuwa na cha kusoma kabla ya kunyanyua mtungi.