Hodi, Little Haiti

Nilipoingia Libreri Mapou, duka la vitabu katika mtaa wa Little Haiti jijini Miami, niliingia kimyakimya kama mtu anayeingia supamaketi. Mama aliyekuwa akipanga vitabu akanitazama, kisha akaniuliza kama kwetu watu huingia tu hivihivi. Nikaona haya. Nikamweleza kwamba Tanzania mtu hupiga hodi kwanza, akasubiri "karibu". Akacheka. Kumbe na Haiti ni vilevile: mgeni huita mlangoni "Onè!", na aliye ndani humjibu "Respè!" Taadhima kwa heshima.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari za wahamiaji. Nikakutana na habari za lugha.

Zamani eneo hili liliitwa Lemon City. Kuanzia miaka ya 1970 Wahaiti walikuwa wakifika Florida kwa mashua, wakiukimbia utawala wa akina Duvalier, baba na mwana, ulioanza 1957 na kuanguka 1986. Wengi waliwekwa kizuizini au kurudishwa kwao. Waliofanikiwa kubaki walijibanza hapa, wakafungua maduka, makanisa na migahawa.

Mwenye duka, Jan Mapou, ni mwandishi. Mwaka 1969 alitupwa Fort Dimanche, gereza la kutisha la Port-au-Prince, kwa sababu ya kuipigania Krioli. Hebu fikiria: karibu kila Mhaiti huzungumza Krioli, lakini shuleni, mahakamani na ofisini kilitawala Kifaransa, lugha ya wachache. Watu waliomshinda Mfaransa vitani na kujitangazia uhuru mwaka 1804 waliendelea kuhukumiwa kwa lugha yake. Ni Katiba ya 1987 iliyoifanya Krioli kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Mapou, aliyekwisha kuhamia Marekani, alifungua duka hili mwaka 1990.

Nikiwa mbele ya rafu ya Krioli nilikumbuka sekondari niliyosoma. Aliyekamatwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na njia ya kukivua ilikuwa moja tu: kumnasa mwenzako. Nilikivaa mara nyingi. Na niseme ukweli, niliwachongea wenzangu vilevile, tena kwa furaha. Kwa miaka yote hiyo nilikichukulia kama utani wa shule. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna watu waliolala gerezani kwa kosa la namna ileile.

Mchana nilikula soup joumou, supu ya boga yenye nyama na viungo. Wahaiti husimulia kwamba enzi za utumwa waliolima boga na kuipika supu hiyo hawakuruhusiwa kuinywa. Ndiyo maana kila Januari 1, sikukuu ya uhuru, huinywa popote walipo. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Niliinywa polepole.

Lakini mtaa wenyewe uko mashakani. Ardhi yake imeinuka kidogo kuliko ile ya ufukweni, na kadiri bahari inavyopanda, wenye fedha wameanza kuipigia hesabu. Mwaka 2016 jiji lilitambua rasmi jina la Little Haiti. Mwaka 2019 jiji hilohilo likaidhinisha mradi mkubwa wa maghorofa ndani yake. Kodi zinapanda, wapangaji wanahama. Jina limepewa hati, wenye jina wanafunga mizigo.

Jioni nilirudi dukani kununua kitabu cha watoto cha Krioli. Nilipokitamka kichwa chake kwa sauti, yule mama alinisahihisha neno kwa neno, bila kunivisha kibao. Nikalipa, nikatoka. Nilipofika barabarani nikakumbuka kwamba hata safari hii nilikuwa nimeingia kimya.

Nikarudi, nikasimama kizingitini.

"Onè!"

Kutoka nyuma ya rafu, sauti ikajibu.