Daftari la Babu na Asilimia Tano

Babu alirudi Fanja, Omani, mwaka 1977 akiwa na sanduku la bati, cherehani ya mkono na madaftari matatu. Sanduku liliota kutu, cherehani akaichukua shangazi, madaftari yakakaa juu ya kabati zaidi ya miaka 40. Yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kila mtu nyumbani alidhani ni vitabu vya dua. Yakawekwa pamoja na misahafu, juu, mbali na mikono ya watoto.

Niliyashusha mwaka 2021. Nilikuwa na umri wa miaka 45, mstaafu wa jeshi, nashirikiana na kaka yangu duka la vyungu, asali na tende kando ya barabara ya Maskati kwenda Nizwa. Aprili 16 ya mwaka ule Omani ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5, na kila biashara yenye mauzo yanayozidi riyali 38,500 kwa mwaka ilitakiwa ijiandikishe. Sisi hatukujua kama tumefika huko au la. Tulikuwa na karani wa kukodi, anakuja mara moja kwa mwezi, anazoa risiti zetu katika mfuko wa plastiki na kuondoka nazo. Nilipomuuliza kwa mara ya kwanza, "Mwaka jana tumeuza kiasi gani?" alinipa majibu matatu tofauti katika wiki moja.

Usiku mmoja nilikuwa natafuta hati ya kiwanja, nikashusha na madaftari. Nilianza kusoma kimya kimya nikitegemea Kiarabu, sikuelewa neno. Nikasoma kwa sauti, na masikio yakaelewa kabla ya macho: "Mke wa fundi cherehani, sukari ratili mbili, deni. Mzee wa stesheni, mafuta ya taa, kalipa nusu." Kilikuwa Kiswahili kitupu. Hayakuwa vitabu vya dua. Yalikuwa mahesabu ya duka la babu Tabora.

Wiki chache baadaye niliwaambia watu barazani kwamba nataka kusoma shahada ya uhasibu kwa njia ya mtandao. Ami yangu mmoja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwanangu," akasema, "hesabu ni kazi ya Mhindi. Mwarabu kazi yake kuuza." Wazee wetu walilisema neno hilo Unguja, wakalisema Tabora, na sisi tukarudi nalo Omani pamoja na masanduku. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza lilitoka wapi, maana lugha yenyewe inalikanusha.

Tazama maneno. Hesabu, daftari, deni, faida, hasara, rehani, dhamana, rasilimali, mizani: yote Kiswahili kimeyapata kwa Kiarabu. Kutoka India tulipata hundi, laki na pesa. Na hiyo pesa ya Mswahili na baisa ya Momani ni ndugu wa tumbo moja, mama yao ni paisa ya Kihindi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: pawe na mwandishi mwadilifu, pawe na mashahidi. Watu waliofundishwa hivyo msikitini hawawezi kudai kwamba daftari ni jambo la wageni.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Huku kwetu Dakhiliya, maji ya falaji, yaani mfereji wa pamoja wa kijiji, yamegawanywa kwa hesabu karne na karne. Kipimo kinaitwa athar, kama nusu saa ya maji, na athar 24 zinafanya bada moja. Mchana watu walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, usiku kwa nyota zinapochomoza na kutua. Falaji ina wakili wa kuisimamia, ina arifu wa kugawa zamu, ina mtu wa kupokea fedha, na dalali wa kunadi maji yasiyo na mwenyewe ili zipatikane fedha za matengenezo. Msimamizi, mgawaji, mshika fedha, mnadi: kila mmoja na kazi yake, ili asiwepo mtu mmoja wa kuiba bila mwingine kujua. Nilipofika somo la ukaguzi katika mwaka wangu wa pili wa shahada, mwalimu alilieleza jambo hilohilo kwa saa mbili nzima kama kwamba limebuniwa juzi.

Basi neno la ami lilianzaje? Nadhani lilianza forodhani. Septemba 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba na Wamarekani, na ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5. Niliposoma tarakimu hiyo nilitabasamu, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo iliyoninyima usingizi mwaka 2021. Lakini Seyyid Said hakuukusanya ushuru huo mwenyewe. Aliukodisha. Forodha ya Unguja ilishikwa miaka mingi na nyumba ya Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch, ambayo ilimlipa mtawala kiasi walichopatana kila mwaka, na kinachozidi kikabaki kwao. Baadaye ilishikwa na Tharia Topan, Mhindi mwingine. Vitabu viliandikwa kwa lugha na herufi za wenyewe. Mtawala alikijua kile alicholipwa; kilichopita forodhani alikijua mwenye vitabu.

Na vitabu vya enzi ile havikuandika karafuu, pembe na nguo peke yake. Viliandika na watu, kwa idadi na kwa bei, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Mtu anayesimulia historia ya hesabu zetu akaruka mstari huo ameghushi hesabu.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Wanawe wakagombania urithi, Thuwaini Maskati na Majid Unguja, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Waingereza India, akaamua kwamba kila mmoja abaki na upande wake, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Hizo ni zile reale za fedha zenye sura ya Maria Theresa na tarehe ya 1780, ambazo bibi zetu walizivaa shingoni. Dola iliyofika pande zote mbili za bahari iliishia kuwa mstari mmoja katika kitabu cha mapato na matumizi.

Bara nako mambo yalikuwa hayohayo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake alikuwa na makazi yake Tabora, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mtu akikisoma kitabu kile kwa jicho la mhasibu atakuta kwamba safari zake zilisimama juu ya mkopo. Bidhaa alizichukua kwa Tharia Topan, akaenda nazo bara kwa miaka, akarudi na pembe kulipa. Mashairi na hadithi vikamsifu aliyebeba bunduki. Aliyeshika daftari alibaki mjini, na alikuwa akimdai.

Deni la namna hiyo lilirithiwa. Kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, mashamba mengi ya Waarabu Unguja na Pemba yalikuwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi. Mwaka 1934 serikali ikatunga amri za kuzuia ardhi isiwatoke wenyewe kwa madeni. Mwaka 1937 ikakipa chama cha wakulima wa karafuu ukiritimba wa biashara, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, hata wakapatana mwaka 1938. Watu wamelieleza jambo hili kama ugomvi wa kabila na kabila. Mimi nililiona hivyohivyo mpaka nilipojifunza kupiga hesabu ya riba. Mkulima aliyekopa kabla ya mavuno, akalipa kwa mavuno, akakopa tena, bila kuandika popote alichokwisha kulipa, angeshindwa na mkopeshaji yeyote, hata kama mkopeshaji angekuwa shemeji yake.

Babu yangu, sijui nani alimfundisha, aliandika. Tabora ilikuwa na reli tangu mwaka 1912 na shilingi tangu 1921, na duka lake lilikuwa karibu na stesheni. Upande wa kulia aliandika kilichotoka, upande wa kushoto kilichoingia, mwisho wa mwezi mstari mwekundu. Si hesabu za pande mbili kama zile alizozichapisha Luca Pacioli mjini Venice mwaka 1494, lakini mwezi hadi mwezi zinakubali. Nimezijumlisha mwenyewe. Daftari la tatu linakatika mwaka 1976, mwaka wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalipofungwa vijijini kwa ajili ya maduka ya ushirika, na duka la babu likafungwa katika zogo hilo. Ukurasa wa mwisho una majina 23 ya watu waliokuwa wakidaiwa. Chini yake ameandika jumla, shilingi 1,164, kisha neno moja: "Nimesamehe." Katika uhasibu tunayaita madeni yasiyolipika, na kanuni inataka uyatoe kwenye vitabu kwa maandishi. Aliyatoa.

Aliikuta Omani inayoanza upya. Kabla ya mabadiliko ya utawala ya Julai 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali. Riyali ya Omani yenyewe ilizaliwa mwaka huohuo, ikachukua mahali pa rupia ya Ghuba na zile reale za Maria Theresa. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki walijua Kiingereza na kupiga chapa, wakaingia mabenki, wizara na kampuni za mafuta. Waliobaki vijijini wakafungua maduka, na vitabu vya maduka wakawapa makarani wa kukodi kutoka India na Pakistan. Neno la ami likapata nyumba mpya.

Wananiuliza kama shahada ya mtandaoni ni shahada kweli. Huwajibu kwamba watu wetu walianza kusoma kwa mbali zamani. Mjomba wangu, karani wa bandari Dar es Salaam, alisoma uwekaji vitabu kwa posta kutoka Rapid Results College ya London: masomo yanakuja kwa bahasha, majibu yanarudi kwa bahasha, na jibu moja huchukua wiki. Tanzania ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, wengi wao watu wazima wenye kazi na watoto. Hii yangu ni bahasha ileile, inakwenda kwa waya.

Lakini sitamdanganya mtu. Kabla ya kulipa ada niliuliza kwanza wizara inayohusika na elimu ya juu kama cheti cha chuo hicho kitatambuliwa Omani, na nakushauri ufanye hivyo kabla hujatoa hata baisa. Nasoma saa tatu usiku hadi saa sita, duka likishafungwa. Somo la gharama nilianguka mara ya kwanza. Mtihani unafanywa mbele ya kamera. Mjukuu wa shangazi aliwahi kuingia chumbani na mbuzi, ikabidi nimweleze msimamizi wa nchi nyingine kwamba mbuzi hakuniambia jibu. Mwanangu wa kwanza yuko chuoni, na tunalinganisha alama. Ananishinda katika takwimu, mimi namshinda katika kodi, kwa sababu mimi ndiye ninayelipa.

Kilichonisaidia kuliko kompyuta ni yale maneno ya Kiswahili. Nilipoacha kukariri istilahi za kigeni na kuuliza babu angeziitaje, mambo yalikaa. Rasilimali ni kichwa cha mali, ndivyo Kiarabu chake kinavyosema. Uchakavu naujua kwa gari la duka. Hasara naijua kwa mitungi: kila shehena kutoka Bahla ina iliyovunjika, na miaka yote hatukuiandika mahali. Tulidhani ni bahati mbaya. Ilikuwa gharama.

Kwa amri ya kifalme ya mwaka 2025, kuanzia Januari 2028 Omani itatoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa wale wanaopata zaidi ya riyali 42,000 kwa mwaka. Kiwango chake ni asilimia 5, ileile ya mwaka 1833. Safari hii serikali haimkodishi mtu forodha. Inataka kila mmoja alete hesabu zake. Ami sasa hacheki. Alikuja mwezi uliopita na mfuko wake wa plastiki wa risiti, akauweka mezani, akaomba kahawa.

Mimi nimebakiza masomo manne. Karani wa kukodi tuliagana naye kwa wema. Mwaka jana duka letu liliuza vyungu, vyetezo, asali na tende za riyali 41,260, na ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza, nitakupa jibu hilohilo moja.