Jani Lililobaki Shambani Thika

Mtu akitoka Ngoingwa, mtaa ulio kando ya barabara ya Mang'u, akavuka mji wa Thika na kushika njia ya Garissa, hakawii kufika kwenye mananasi ya Del Monte. Tunda huenda kiwandani. Jani hubaki, na shamba likichoka, mimea hukatwakatwa na kulimiwa ardhini.

Mkonge nao una historia hiyohiyo ya kutupa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Baadaye walowezi Swift na Rutherfoord wakaupanda Punda Milia, karibu na Makuyu. Jani likipita kwenye korona, mashine inayolikwangua nyama, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Kingine ni maji, machicha ya kijani na nyuzi fupi zisizosokoteka kamba.

Lakini nyuzi hizo fupi ni mali kwa mtengeneza karatasi.

Karatasi haikuanzia msituni. Nchini China, mwaka 105, Cai Lun alitumia magome, matambara na nyavu kuukuu. Magogo yalitawala viwanda katika karne ya 19, na Kenya ikafuata mkondo huo: kiwanda cha Pan African Paper Mills, Webuye, kilianza uzalishaji mwaka 1974 kikitegemea miti ya kupandwa. Mwaka 2009 kikafungwa. Mwaka 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya mbao ikapaa.

Hapa ndipo jani la nanasi linaporudi: nyuzi zake ni nyeupe na imara. Wafilipino wamezifuma nguo kwa karne nyingi. Kwa karatasi, huchemshwa katika magadi makali, zikaoshwa, zikapondwa hadi kuwa rojo, kisha zikatandazwa kwenye wavu.

Ugumu uko kwenye kubeba. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo mbili tatu za nyuzi, kwa hiyo kuyasafirisha ni kulipia lori libebe maji. Mashine ya kukwangua sharti iwe shambani. Halafu kuna maji machafu ya kupikia: wakazi wa Webuye walilalamikia harufu ya kiwanda na uchafu wa mto Nzoia kwa miaka mingi. Thika ina mto Chania, na kiwanda chochote cha rojo kitaulizwa kwanza maji yake yanaelekea wapi.