Msumeno na Kielekezo Chake

Msomaji, siku utakapopita penye karakana ya seremala mwenye msumeno wa meza, simama kidogo utazame. Msumeno wenyewe ni duara la chuma lenye meno, nao hutokeza juu ya meza kupitia ufa mwembamba. Kazi yake ni kuzunguka tu. Haujui kunyoka wala kupinda. Anayeamua kama ubao utakatwa sawasawa ni yule anayeusukuma, na fundi mzoefu hauamini mkono wake peke yake katika jambo hilo. Hujitengenezea chombo cha mbao, kipana kama sinia, chenye fito mbili zilizokazwa chini yake. Fito hizo huingia katika mifuo miwili iliyochimbwa juu ya meza, sambamba na msumeno. Juu ya chombo hicho husimamishwa ubao wima ulio pembe mraba na msumeno. Mbao ya kukatwa huegemezwa hapo, kisha chombo chote husukumwa mbele, nacho huteleza kama mtoto wa meza. Tukiite kielekezo, maana kuelekeza ndiyo kazi yake.

Labda utadhani kuwa hii ni hila ndogo ya kujipunguzia taabu. Lakini fikra iliyomo ndani yake, yaani kuutoa usahihi katika mkono wa mtu na kuutia katika chombo, ilikuja kubadilisha kazi za viwanda duniani; na mojawapo ya mahali pa mwanzo ilipoonekana wazi ni bandari ya manowari ya Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kati ya mwaka 1802 na 1808.

Kitu kilichotengenezwa huko kilikuwa kapi. Ikiwa wewe ni mtu wa Lamu au Mombasa huna haja ya kuelezwa. Ikiwa unatoka bara, basi jua kuwa kapi ni kipande cha mti kilichotobolewa, chenye gurudumu dogo ndani yake, ambamo hupitishwa kamba ya kutwekea tanga. Jahazi la pwani yetu huridhika na makapi machache. Lakini manowari moja ya Kiingereza yenye mizinga 74 ilihitaji karibu makapi 1,000, na jeshi zima la bahari lilitaka yapatayo 100,000 kila mwaka. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na tanga lisiloweza kupandishwa ni hatari kama baruti iliyolowa.

Kwa miaka mingi makapi hayo yaliuzwa na jamaa ya Taylor, watu wa Southampton. Hawa hawakuwa wajinga hata kidogo: walikuwa wakitumia misumeno ya duara na nguvu za maji wakati ambapo wengine walikata kwa mkono. Mnamo mwaka 1801, Marc Isambard Brunel, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, akaishi New York na kisha kuhamia Uingereza, aliwapelekea michoro ya mitambo aliyoibuni. Samuel Taylor alimjibu kwamba baba yake alitumia miaka mingi kuikamilisha kazi ile, na kwamba yeye hakutazamia kupatikana njia iliyo bora zaidi. Tusimcheke upesi. Mtu aliyezoea kuwa wa mbele huchelewa kuona kuwa amepitwa. Brunel akaichukua michoro yake kwa Samuel Bentham, mkaguzi mkuu wa kazi za jeshi la bahari, naye akaikubali.

Michoro, hata hivyo, haikati mti. Aliyeigeuza kuwa chuma ni Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771, na kwa maoni yangu huyu ndiye anayestahili kukumbukwa kwanza. Alikuwa fundi wa Joseph Bramah, mtengenezaji wa makufuli, na mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa juma. Mwaka 1797 aliomba nyongeza, akanyimwa, akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe.

Zamani fundi wa kerezo aliishika patasi mkononi, na mkono ukichoka, kazi huharibika. Maudslay aliifunga patasi katika kishikio cha chuma kilichoteleza juu ya njia iliyonyoka na kusogezwa kwa parafujo. Hakuwa mtu wa kwanza kufikiri hivyo, lakini aliifanya kazi hiyo kwa usahihi ambao wengi waliomtangulia hawakuufikia. Na hapa pana jambo la kutafakari: njia iliyonyoka huanza wapi, ikiwa bado hakuna mtambo wa kuinyosha? Huanza mkononi. Maudslay aliwawekea mafundi wake bamba za chuma zilizosawazishwa kwa mkono, ili kila mmoja aipime kazi yake juu yake. Alikuwa pia na chombo cha kupimia alichokiita Lord Chancellor, kwa jina la mkuu wa mahakimu wa nchi yake, kwa kuwa chombo hicho kikishahukumu hapakuwa na pa kukata rufani.

Sasa tuingie kiwandani Portsmouth. Magogo ya mti uitwao elm yalikatwa vipande kwa misumeno iliyoendeshwa na mvuke. Kila kipande kilikwenda kwenye keekee, kikabanwa na kutobolewa. Kule kubanwa kuliacha alama ndogo katika mti, na alama hizo ndizo zilizotumika kukiweka kipande mahali pake katika mitambo iliyofuata. Hivyo hapakuwa na haja ya kupima upya. Kisha patasi ya mtambo ilichimba tundu refu la gurudumu. Baada ya hapo kipande kilifika kwenye msumeno wa duara wa kukata pembe. Kililazwa juu ya kitako kilichoinama nyuzi 45, kikasukumwa, na pembe ikaondoka, kila mara kwa kipimo kile kile. Kitako hicho, msomaji, ni ndugu wa damu wa kielekezo ulichokiona karakanani. Mwisho vipande 10 vilifungwa pamoja katika gurudumu kubwa, na kisu kilichofuata njia iliyopinda kikavichonga vyote kwa mpigo mmoja.

Nelson mwenyewe aliitembelea mitambo hiyo mwezi wa Septemba 1805, siku alipopanda merikebu kwenda Trafalgar, asirudi hai. Kufikia mwaka 1808 makapi 130,000 yalitengenezwa kwa mwaka, na ilisemwa kuwa watu 10 walifanya kazi iliyohitaji watu 110.

Hesabu hiyo husifiwa sana vitabuni, lakini isomwe pande zote mbili. Wale 10 hawakuhitaji kuwa mafundi wa makapi. Aliyejua kukaza, kuvuta na kulegeza alitosha. Ujuzi uliochukua miaka ya uanagenzi ulikuwa umehamia katika chuma, na bei yake katika soko la kazi ikaanguka. Hata Brunel hakustarehe: serikali ilikawia kumlipa, na ingawa alilipwa hatimaye, mambo yake mengine yaliharibika, akafungwa kwa ajili ya madeni mwaka 1821.

Seremala wa leo anayejitengenezea kielekezo yu katika hali iliyo njema zaidi, kwa maana yeye ni Maudslay na ni yule mtu wa 10 kwa pamoja. Ujuzi anaoutia katika chombo unabaki kuwa mali yake. Lakini kanuni ni ile ile: kielekezo hakiwezi kuwa sahihi kuliko mkono uliokitengeneza. Fito zake hutakiwa ziwe za mti mgumu uliokauka sawasawa, mvule kwa mfano. Zikilegea katika mifuo, kielekezo huyumba. Zikibana mno, hukwama katikati ya mkato, na hapo ndipo vidole hupotea. Mti nao hunywa unyevu wa hewa: ufito uliorandwa Nairobi wakati wa kiangazi waweza kuvimba ukifika Mombasa. Kwa hiyo fundi huuranda kidogo kidogo, akijaribu kila mara, kisha huupaka nta.

Hatimaye huja jaribio. Fundi huchukua ubao ambao kingo zake mbili ni sambamba, akaukata katikati. Nusu moja huigeuza, upande wa juu ukawa chini, kisha huziegemeza nusu zote mbili kwenye rula iliyonyoka na kuzikutanisha pale zilipokatwa. Pembe ikiwa mraba kamili, hakuna nafasi. Ikiwa imekosea hata kidogo, mwanga huonekana katikati, nao huonyesha kosa likiwa maradufu, ili jicho lisiweze kulikana. Basi fundi hulegeza parafujo moja ya ule ubao wima, huingiza kipande cha karatasi nyuma ya ncha yake, hukaza, na kukata tena.