GTV Ilizimika Siku Moja, na Bado Hatujasoma Funzo

Ukitaka kuelewa vile kampuni kubwa ya burudani huanguka, usianze na Netflix. Anza na GTV. Kama ulizaliwa baada ya 2003 hivi, pengine hilo jina halikuambii kitu. Muulize bro wako mkubwa ama anko yeyote wa mtaa aliyekuwa shabiki wa Arsenal ama Man U enzi hizo. Atacheka kwanza, halafu atakuuliza nani amekukumbusha hiyo machungu.

Nairudia hii stori kwa sababu kila mwaka kuna kampuni mpya inakuja na bei ya kutupa, sisi tunashangilia, na hakuna anayeuliza hesabu inatoka wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1986 Afrika Kusini ilipata M-Net, TV ya kulipia. Kutoka hapo ikazaliwa MultiChoice, wenye DStv na SuperSport, na miaka ya 1990 wakafika Kenya. Wakati huo dishi la DStv lilikuwa cheo. Ungeliona juu ya paa Lavington, Kileleshwa na Westlands. Ukishuka Kawangware ama Kangemi, mpira wa Uingereza uliangaliwa kwa baa au kwa kibanda cha video: benchi za mbao, TV moja mbele, mlangoni jamaa anachukua shilingi chache za kiingilio. Mwenye kibanda alilipia decoda moja, mtaa mzima ukaangalia.

DStv haikuwa na haraka na watu wa kibanda. Biashara yake ilikuwa watu wachache wanaolipa pesa nyingi, na kwa miaka ilifanya kazi vizuri.

Halafu 2007 ikaja GTV. Kampuni mama ilikuwa Gateway Broadcast Services, makao yake London. Walikuja na silaha moja nzito: haki za kuonyesha moja kwa moja karibu asilimia 80 ya mechi za Premier League Afrika kusini mwa Sahara kuanzia msimu huo, kwa miaka mitatu. DStv iliyozoea kuwa na mpira peke yake ikabaki na makombo. GTV ikauza kwa bei ambayo familia ya kawaida ingeweza kufikiria. Ghafla, dishi halikuwa kitu cha wadosi pekee. Barani kote, wateja wakapita 100,000.

Ukisoma hapo unaona ushindi. Mimi naona shida ikianza.

Hesabu ya TV ya kulipia iko hivi. Haki za mpira unanunua kwa pesa za kigeni, na unalipa hata kama wateja hawajafika. Setilaiti unakodi, na kodi haingoji. Upande wa pili, mteja anakulipa kwa shilingi, mwezi kwa mwezi, na Januari karo ikibisha anakuacha bila kwaheri. Kwa hivyo unahitaji wateja wengi sana, haraka sana, na kabla hawajafika unaishi kwa pesa za wawekezaji. Bei ikiwa chini, hiyo safari inakuwa ndefu zaidi.

Kisha kuna kibanda. Tuseme watu sitini wameingia Kangemi kuangalia mechi moja. Kwa mtaa, hao ni mashabiki sitini. Kwa kampuni, ni mteja mmoja. Ukipiga hesabu ya kelele za mtaani ukidhani ni hesabu ya mapato, utajidanganya vibaya. Mpira kupendwa na mpira kulipiwa ni vitu viwili tofauti.

Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikaanguka Marekani, na pesa za wawekezaji zikakauka dunia nzima. GTV ilitafuta mtu wa kuongeza mtaji, ikakosa. Tarehe 30 Januari 2009, katikati ya msimu, ikazima mitambo na kuingia mufilisi, ikisema msukosuko wa uchumi wa dunia ndio umeimaliza. Watu waliokuwa wamelipa wakabaki na dishi juu ya paa na decoda ya kupanguzia vumbi. Haki za mechi zikarudi kwa DStv.

Lakini mimi sikubali kwamba msukosuko pekee ndio uliua GTV. Miezi michache baadaye, Juni 2009, Setanta nayo ilianguka Uingereza baada ya kushindwa kulipa Premier League. Utasema ni upepo uleule wa uchumi. Sawa, lakini 2002, kabla ya huo msukosuko, ITV Digital ilikuwa imeanguka hukohuko Uingereza kwa sababu ilinunua haki za mpira kwa bei isiyoweza kurudishwa na wateja wake. Dhoruba huangusha nyumba nyingi, ila hiyo aina moja ya nyumba ilikuwa inaanguka hata bila dhoruba.

Kosa la uongozi lilikuwa kujenga kampuni nzima juu ya kitu cha kukodi. Haki za miaka mitatu si mali yako. Hata kama GTV ingefika 2010, ingerudi mnadani kupambana na mtu mwenye mfuko mrefu zaidi. DStv ilikuwa na soko la nyumbani Afrika Kusini, chaneli zake yenyewe, na nchi nyingi za kuchangia hasara. Ingeweza kupoteza mpira na bado ifungue ofisi Jumatatu. GTV bila mpira ilikuwa nini?

Na hii haikuishia hapo. Kwesé ya Econet iliingia 2017 na NBA na ESPN. Mwisho wa 2018 ikapunguza huduma yake ya setilaiti, na 2019 ikafunga. Njia ileile, shimo lilelile.

Sasa usidhani nawasifu DStv tu. Kushinda vita kulikuwa na sumu yake. Kweli, walijifunza kitu: walileta GOtv ya bei ya chini, wakawekeza kwa Maisha Magic, na tamthilia kama Selina na Kina zikawapa waigizaji wetu kazi. Hiyo ni mali, huwezi kunyang'anywa mnadani. Lakini mpinzani akifa, ni rahisi kuamini mteja hana pa kwenda. Bei zikapanda mwaka baada ya mwaka. Mteja akapata pa kwenda: simu yake na bando. Katika miaka miwili ya fedha hadi Machi 2025, MultiChoice ilipoteza wateja milioni 2.8 barani. Septemba mwaka huohuo, Canal+ ya Ufaransa ikakamilisha kuinunua. Jitu lililowazika GTV na Kwesé sasa lina mwenyewe mwingine, Paris.

Kwa hivyo wewe unayelipia burudani kila mwezi, bei ikikufurahisha sana jiulize nani anajazia iliyobaki, na ataendelea mpaka lini. Usilipe mwaka mzima kwa kampuni changa kwa sababu ya ofa. Lipa mwezi mmoja mmoja, uone.

Na wewe unayetengeneza kazi mtandaoni, kama mimi, hii stori ni yetu pia. Wafuasi tulionao kwenye hizo app ni haki za kukodi. Mwenye app akibadilisha kanuni kesho, hatupewi hata notisi. Jenga kitu kinachobaki ukinyang'anywa hiyo chaneli: hadithi zako mwenyewe, namba za watu wanaokutafuta wewe, soko dogo linalolipa kweli. Yule jamaa wa kibanda pale Kangemi alichukua pesa mlangoni kabla mechi ianze, na hakuwahi kumlipa mtu London kwa ahadi ya wateja ambao hajawaona.