Fundi Haulizi Nguo Imetoka Wapi

Soko la Toi linaujua moto. Liliteketea katika fujo za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 kuingia 2008. Likaungua tena Machi 2019. Oktoba 2024 moto ulirudi, na mara hii uliondoka na roho za watu.

Kinachofuata moto huwa ni kile kile. Majivu hayajapoa, mafundi wameshafika: wa mbao, wa mabati, wa kuchomelea. Hawaji na orodha ya wenye vibanda. Anayeleta mabati na pesa ndiye anayejengewa. Kwa hivyo fundi anayemrudishia mama kibanda chake cha miaka mingi anaweza kuwa yule yule anayemjengea jamaa aliyetokea asubuhi na misumari, akaziba njia ya watu. Fundi hana ubaya na mtu. Kazi yake ni kujenga.

Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna mafundi wa aina hiyo. Wanasayansi wanawaita protini za mshtuko wa joto. Joto likizidi, wao ndio hutuokoa, na kansa ikitaka kusimama, wao pia ndio huishikilia. Historia yao huanziwa Italia, lakini sehemu yake moja muhimu inapitia Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka Toi, kwa kijana wa miaka 16 ambaye dunia inamjua kwa jina moja: Daudi.

Tuanze na kukunja. Robota la mitumba likifunguliwa, nguo hutoka zimebanwa na kukunjamana. Kabla shati liitwe kamera na kutundikwa mbele, lazima lipite kwa mtu wa pasi. Protini nayo hutengenezwa kama uzi mrefu, na uzi huo hauna kazi mpaka ukunjwe vizuri kwa umbo lake. Joto likipanda kupita kiasi, mikunjo inafunguka, sehemu zinazonata zinatokea nje, na protini zinaanza kugandana. Ukitaka kuona, kaanga yai. Ule ute ukishageuka mweupe, haurudi tena.

Seli haikubali kugeuka yai la kukaanga. Ikihisi joto, inaita wakunjaji. Hsp70 hushika uzi uliofunguka ili usigandane na jirani. Hsp60 ina umbo la pipa, huifungia protini ndani ikunjike kwa utulivu bila kusumbuliwa. Hsp90 humalizia zile protini zenye mikunjo migumu. Namba hizo zinatokana na uzito wao, kwa kipimo kinachoitwa kilodaltoni. Anayepuliza kipenga cha kuwaita ni protini nyingine, HSF1.

Kuna mama anayepiga pasi ya makaa upande wa Makina. Siku moja nilimuuliza, "Mathe, hizi nguo zote huwa unajua ni za nani?" Akacheka. "Kijana wangu, mimi naangalia kama imekunjamana. Nikianza kuuliza imetoka wapi, nitalala njaa." Sijasoma maelezo bora ya Hsp90 kuliko hayo.

Sasa Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wa matunda, vile vidudu vinavyozunguka ndizi iliyoiva sana. Mtu mwingine maabarani akaongeza joto la kabati walimokuwa nzi wale. Ritossa alipoangalia kwa hadubini, aliona kromosomu zimevimba mahali ambapo hazikuwa zikivimba kabla. Jeni zilikuwa zimeamka kwa sababu ya joto. Aliandika matokeo, jarida moja kubwa likayakataa, na mwaka wa 1962 yakachapishwa kwingine. Ilichukua mpaka 1974 kwa Alfred Tissières na wenzake kuonyesha kwamba jeni hizo zinatengeneza protini maalum. Ndipo wakunjaji wakapata jina.

Miaka hiyo hiyo Ritossa akiwa na nzi wake, huku kwetu kulikuwa na daktari barabarani. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye taya tangu 1957. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu la Ford na kuendesha mpaka Afrika Kusini, safari ya wiki kumi na kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: hapa mmeuona uvimbe huu?

Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua. Kwa Afrika Mashariki, ulipungua sana ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Kisumu iko chini ya mstari huo, Pwani pia. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600, iko juu yake. Baadaye sababu zilieleweka: ramani ya uvimbe ni karibu sawa na ramani ya malaria kali. Na mwaka wa 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza London kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Malaria inachosha kinga ya mtoto, virusi vya Epstein-Barr vinakaa ndani ya seli za damu, na siku moja jeni za seli moja zinavunjika vibaya. Ugonjwa ukaitwa limfoma ya Burkitt.

Nairobi haikuwa kwenye ramani ya ugonjwa, lakini ilikuwa na hospitali. Watoto waliletwa Kenyatta kutoka maeneo ya joto, na huko alikuwepo mpasuaji wa masikio, pua na koo, Peter Clifford. Alikuwa miongoni mwa madaktari walioonyesha kwamba dawa peke yake, bila kisu, inaweza kuyeyusha uvimbe huu. Wakati huo wazo hilo lilikuwa geni kabisa. Clifford pia alituma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska. Baadhi ya seli zilizofika huko zilikataa kufa. Ziliendelea kugawanyika kwenye chupa, mwaka baada ya mwaka. Hizo ndizo huitwa ukoo wa seli. Ukoo mmoja ulioanzishwa 1967 uliitwa Daudi.

Mimi jina hilo nililisikia chuoni kabla sijaacha. Lilikuwa kwenye slaidi moja, sekunde chache, kati ya majina mengine ya herufi na namba. Nilidhani nimesikia vibaya. Daudi? Kama Daudi wa mtaani? Hakuna aliyesimama kueleza, somo likaendelea.

Seli za Daudi zina tabia ya pekee. Seli nyingi za mwili hubeba juu yao kitu kama kitambulisho, ili askari wa kinga wajue nani ni wa nyumbani. Daudi hawana, kwa sababu jeni moja inayohitajika kukitengeneza imeharibika. Ndiyo maana maabara duniani kote zimewatumia kuuliza swali: askari humtambuaje adui asiye na kitambulisho?

Mwaka wa 1990, Paul Fisch na wenzake walichapisha jibu moja kwenye jarida la Science. Waligundua kwamba kundi fulani la askari wa kinga liliwatambua Daudi kwa protini iliyokuwa imejitokeza juu ya ngozi ya seli, na protini hiyo ilikuwa ya jamii ya Hsp60. Yaani lile pipa la kukunjia, ambalo kwa kawaida hukaa ndani kabisa, lilionekana nje. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba askari hao huitwa hasa na molekuli nyingine, kwa hivyo Hsp60 si jibu lote. Lakini wazo lilikuwa limeshafungua mlango: seli ya kansa inaishi kwa shida kiasi kwamba mafundi wake wa dharura wanaanza kuonekana mlangoni.

Kwa nini kansa ina shida? Kwa sababu imejaa protini mbovu. Jeni zake zimebadilika, nyuzi zake hazikunjiki vizuri, na inakua haraka kupita kiasi. Bila msaada ingeanguka yenyewe. Hapo ndipo Hsp90 inaingia, kwa roho safi kabisa, na kuzishikilia zile protini mbovu zisimame. Mwaka wa 1994, Luke Whitesell na wenzake walionyesha kwamba dawa inayoitwa jeldanamaisini, iliyotoka kwa bakteria wa udongoni, inafanya kazi kwa kuishika Hsp90. Fundi akishikwa mikono, protini ya kansa inabomoka. Mwaka wa 2007, maabara ya Susan Lindquist ilionyesha kwamba panya wasio na HSF1, yule mpuliza kipenga, hawapati uvimbe kirahisi kama wenzao. Na 2010 watafiti Marekani walionyesha kwamba hata virusi vya Epstein-Barr, vile vya limfoma ya Burkitt, vinaihitaji Hsp90 ili protini yao muhimu, EBNA1, ipatikane ya kutosha.

Ungedhani dawa zingejaa kufikia sasa. Wapi. Dawa nyingi za kuzuia Hsp90 zilijaribiwa kwa wagonjwa na kuachwa. Zilidhuru ini na macho, kwa sababu fundi huyo anahitajika kila mahali. Tena ukiizuia Hsp90, seli inadhani imepatwa na joto, inapuliza kipenga, na Hsp70 zinamiminika kuziba pengo. Ni kama kumfukuza fundi mmoja Toi ukakuta ndugu zake kumi wamefika kumalizia kazi. Dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa popote, pimitespibu, iliidhinishwa Japani mwaka wa 2022, kwa uvimbe wa tumbo na utumbo, si kwa limfoma.

Kwa hivyo kuanzia nzi wa Ritossa mpaka dawa hiyo ni miaka 60. Katikati ya miaka hiyo, Daudi amekuwa kazini bila likizo. Kwenye katalogi za kuuzia seli anaelezwa kwa mstari mmoja: mwanaume, mweusi, miaka 16, limfoma ya Burkitt. Ukiwa na maabara na kadi ya benki, unamwagiza, anakuja kwenye barafu.

Wamarekani walilipitia hili kabla yetu. Seli za HeLa zilitoka kwa Henrietta Lacks, aliyefariki 1951, na zilichukuliwa bila kumuomba ruhusa. Ilibidi familia yake ipambane miongo mingi, na mwaka wa 2023 ikafikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher iliyokuwa ikifaidika na seli hizo. Leo mwanafunzi wa biolojia akitaja HeLa, anajua anamtaja mwanamke, mama wa watoto.

Sisi hatujafika hapo. Tumemwachia Daudi awe jina la chupa. Sisemi Clifford na akina Klein walikuwa wezi. Wagonjwa wale walikuwa wakifa haraka, na kazi yao imeokoa watoto wengi. Ninachosema ni kwamba sayansi hii ilijengwa na mikono mingi, na hapa kwetu tunafundishwa majina ya upande mmoja. Mwalimu anayefundisha kansa Nairobi anaweza kuongeza sentensi moja tu: seli hizi zilitoka kwa kijana wa umri wenu, na zilisafiri kwenda Stockholm kutoka hospitali mnayopita na matatu. Haichukui hata dakika. Fundi ana ruhusa ya kutouliza nguo imetoka wapi. Sisi tunaozivaa hatuna.